Robben Island au Constitution Hill: Ukiwa na Nafasi ya Gereza Moja Tu, Uende Lipi?

Ukisema unakwenda Afrika Kusini, hujamaliza hata sentensi utaambiwa usikose kupanda boti kwenda Robben Island. Ushauri huo ni mzuri, lakini hutolewa kana kwamba nchi nzima ina gereza moja tu linalostahili kutembelewa. Johannesburg, mji ambao wasafiri wengi wa kutoka kwetu hushukia kwanza, kuna Constitution Hill: ngome na magereza yaliyotumika kuanzia 1893 hadi 1983, ambayo leo ni makumbusho yanayopakana na Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo. Nelson Mandela alifungiwa kote kuwili. Kote kuwili kumo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kisiwa tangu 1999, na kilima tangu 2024 kikiwa miongoni mwa maeneo kadhaa ya harakati za ukombozi yaliyoorodheshwa pamoja.

Hata hivyo, mtu aliyetembelea moja asidhani ameshaliona na la pili. Kisiwani utakutana na mtu aliyefungwa. Kilimani utakutana na gereza lenyewe, yaani namna lilivyofanya kazi siku hadi siku kwa watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Kuchagua kati ya hayo mawili kunategemea unatafuta kipi, na pia mambo madogo kama upepo wa bahari na saa ulizonazo.

Kisiwani unasikiliza

Ziara ya Robben Island huanzia Nelson Mandela Gateway, bandarini V&A Waterfront, Cape Town. Unavuka bahari, unapelekwa kwa basi kuzunguka kisiwa, unaingizwa gerezani kwa miguu, kisha unarudishwa botini. Yote hayo huchukua karibu nusu siku, na mpangilio ni mmoja kwa wote. Hakuna kujitenga na kundi wala kukaa zaidi pale palipokugusa.

Sehemu ya basi ndiyo inayonisikitisha, kwa sababu inapita haraka mahali ambapo mtu angetaka kusimama. Kisiwa hiki hakikuanza na ubaguzi wa rangi wa karne ya 20. Tangu Waholanzi walipofika Rasi ya Tumaini Jema, ilipo Cape Town, katika karne ya 17, kilikuwa mahali pa kuwatupa watu waliosumbua watawala: viongozi wa Wakhoi, machifu wa Waxhosa, na masheikh waliopelekwa huko uhamishoni kutoka visiwa vya Indonesia ya leo. Mmoja wao, anayejulikana kama Tuan Guru, alifungwa hapo baada ya kuletwa Rasi mwaka 1780, akaandika Msahafu mzima kwa kumbukumbu, na alipoachiwa akawa nguzo ya Waislamu wa Cape Town. Karibu na gereza kuna ziara, yaani kaburi linalozuriwa, ya sheikh mwingine, Sayed Abdurahman Moturu, aliyefia kisiwani katika karne ya 18. Kuanzia 1846 hadi 1931 kisiwa kilikuwa pia makazi ya wagonjwa wa ukoma, na makaburi yao bado yapo, pamoja na kanisa lao la mwaka 1895. Msomaji anayetoka mwambao wetu, aliyezoea kuona ziara na makaburi ya masheikh, angependa kushuka. Basi kwa kawaida halimpi nafasi hiyo.

Kuna nyumba moja ndogo ambayo nakuomba uitazame vizuri hata kama ni kupitia dirisha la basi. Humo alikaa Robert Sobukwe, mwanzilishi wa chama cha PAC (Pan Africanist Congress). Tarehe 21 Machi 1960 aliongoza watu kwenda polisi bila vipande vyao, yaani vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kutembea navyo, wakamatwe kwa hiari. Siku hiyohiyo polisi waliwaua watu 69 kule Sharpeville. Sobukwe alihukumiwa miaka mitatu. Ilipokaribia kwisha mwaka 1963, Bunge likatunga kifungu cha sheria cha kumruhusu waziri aendelee kumshikilia, kikiongezwa muda mwaka hadi mwaka, na hakikuwahi kutumika kwa mtu mwingine yeyote. Basi akawekwa peke yake katika nyumba ile kwa miaka sita, akiwa amekatazwa kuzungumza na wafungwa wengine. Inasimuliwa kwamba wafungwa walipopita mbele yake alikuwa akichota udongo mkononi na kuuachia umwagike taratibu, ndiyo salamu yake kwao. Alipotolewa mwaka 1969 alipelekwa Kimberley, akaishi chini ya amri za kumzuia hadi alipofariki mwaka 1978. Hukumu yake ilikuwa miaka mitatu tu, na hakuwahi tena kuwa huru.

Machimbo ya chokaa ni kituo kingine. Kundi la Mandela lilianza kuchimba hapo katikati ya miaka ya 1960, kwa sururu na koleo, jua likipiga kwenye mawe meupe na kurudi machoni. Kwa miaka ya mwanzo walikataliwa miwani ya jua. Macho ya Mandela hayakupona vizuri maisha yake yote, ndiyo maana baadaye wapiga picha waliombwa wasimpige kwa taa. Ukiwa hapo utaona rundo la mawe ya rangi na ukubwa tofauti, limekaa ovyoovyo. Si mapambo: mwaka 1995 wafungwa wa zamani walirudi, Mandela akaweka jiwe la kwanza, na kila mmoja akaweka lake.

Kisha unaingia gerezani, na hapa ndipo kisiwa kinapoonyesha kile ambacho Johannesburg haiwezi kukupa. Anayekupokea mlangoni kwa kawaida ni mtu aliyefungwa hapohapo kwa sababu za kisiasa. Anakuingiza katika chumba kikubwa walimolala pamoja, anaeleza alivyokamatwa, alivyopigwa, barua zilivyokatwa maneno kwa wembe kabla hazijamfikia. Ukiuliza swali, anakujibu mwenye habari zake. Mara nyingi watakuonyesha nakala ya orodha ya chakula cha wafungwa: Wahindi na Machotara walipangiwa mkate na jemu, Waafrika hawakupangiwa. Nyama nayo ilipimwa kwa rangi. Hata nguo zilifuata mpango huo, kwa kuwa Waafrika walipewa kaptula kama watoto hali wenzao wakipewa suruali ndefu. Jambo hili unaweza kulisoma popote, lakini kulisikia kutoka kwa mzee aliyevaa kaptula hiyo katika baridi ya Julai ni habari nyingine kabisa.

Utapelekwa Sehemu B, penye seli ya Mandela. Unaitazama kwa nje, foleni ikiwa nyuma yako inasubiri zamu. Ni chumba cha upana wa mita mbili na kidogo, kina mkeka na blanketi sakafuni, kimeza, ndoo ya haja, na dirisha la nondo linaloangalia ua. Hapa alikaa miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake. Ukiwa ua huo, kumbuka kwamba nyuma ya bustani ndogo kando ya ukuta kulifichwa sehemu ya kumbukumbu zake alizoandika kwa siri, na kwamba nakala ilitoka kisiwani na mfungwa mwenzake, Mac Maharaj, alipoachiwa mwaka 1976. Kumbuka pia kwamba hakuwa na Waafrika Kusini pekee: Andimba Toivo ya Toivo wa Namibia alifungwa huko zaidi ya miaka 15.

Wafungwa wa mwisho wa kisiasa waliondoka mwaka 1991. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 katika miaka ya mwisho ya 1980 sasa anaelekea uzeeni, na wale wa miaka ya 1960 wengi wameshatangulia mbele ya haki. Nadhani hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika ulinganisho huu. Majengo yatasubiri, lakini sauti hizi hazitasubiri.

Kilimani unatembea

Constitution Hill iko juu ya Braamfontein, ikipakana na Hillbrow. Unaweza kuchagua ziara ya saa moja au ndefu zaidi yenye mwongozaji, na sehemu kubwa unaweza kuizunguka kwa mwendo wako mwenyewe. Kwangu hilo si jambo dogo. Gerezani mtu anahitaji muda wa kusimama kimya katika chumba kimoja, bila kuitwa na kundi.

Kuna magereza matatu ndani ya eneo moja. Old Fort lilijengwa kama jela mwaka 1893, kisha serikali ya Paul Kruger ikalizungushia boma la udongo na mawe mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890, ikihofia Waingereza. Humo walifungwa wanaume Wazungu. Wanaume Weusi walifungwa Number Four, jirani yake. Women's Gaol, gereza la wanawake, lilifunguliwa karibu na mwaka 1910.

Anza na Number Four, na usilikimbie. Katika seli moja blanketi zimetandikwa sakafuni kama zilivyokuwa zikitandikwa na wafungwa, na hakuna haja ya maelezo marefu. Upande mmoja kuna nafasi pana yenye blanketi nyingi zilizokunjwa vizuri: hapo alilala mkubwa wa genge lililotawala seli. Kadiri unavyosogea kuelekea choo, nafasi zinazidi kubanana, hadi kufikia mahali ambapo mtu aliweza kulala kwa ubavu tu. Mfungwa mgeni, asiye na genge wala fedha, alianzia chooni. Unatazama sakafu tu na unaelewa kwamba gereza lilikuwa na serikali mbili, ya askari mchana na ya magenge usiku.

Uani kuna vyoo visivyo na milango, vikitazamana na mahali wafungwa walipochutama kula. Mbele kidogo ni seli za kifungo cha upweke, ambazo zilimweka mtu ndani saa 23 kati ya 24 akinywa maji ya mchele. Katika ua huohuo wanaume walilazimishwa kuvua nguo zote na kuruka wakipiga makofi na kufungua midomo, ili askari wahakikishe hawajaficha kitu mwilini. Mwaka 1954 mpiga picha Bob Gosani wa jarida la Drum alilipiga picha tukio hilo akiwa juu ya paa la jengo la jirani, na nchi nzima ikaona kilichokuwa kikifanyika nyuma ya kuta hizo. Utaona pia sanamu za blanketi. Wafungwa walikunja na kukaza blanketi zao hadi zikawa maumbo ya vitu, wakashindanishwa. Sijui kama kuna chombo kingine katika makumbusho yoyote kinachoonyesha kwa pamoja ubunifu na uonevu kiasi hicho.

Waliopita hapa ni wa kila aina. Mohandas Gandhi alifungwa Johannesburg kwa mara ya kwanza Januari 1908 kwa kukataa sheria ya kuwaandikisha Waasia, akarudi tena na tena. Mwaka 1956 watu 156 walioshtakiwa kwa uhaini waliletwa kilimani, Mandela akiwemo. Sobukwe alipita. Vijana walioandamana Soweto mwaka 1976 walipita. Lakini wengi wao hawakuwa wanasiasa. Walikuwa vibarua waliokutwa mjini usiku bila kipande, ambao leo wanafungwa siku kumi, kesho wanakamatwa tena. Anayekumbuka habari za kipande enzi za ukoloni Kenya hatahitaji kufafanuliwa. Hapo ndipo ninapoona kilima kinasema jambo ambalo kisiwa hakisemi: ubaguzi haukuwafunga mashujaa tu, ulifanya kutembea barabarani kuwa kosa, na gereza likawa mahali pa kawaida ambapo karibu kila familia ilikuwa na mtu wake.

Kuhusu wanawake, kilima hakina mpinzani

Robben Island lilikuwa gereza la wanaume tu katika miaka hiyo ya siasa. Ukienda kisiwani peke yake, unaweza kurudi ukidhani kwamba wanawake walikuwa nyumbani wakisubiri barua.

Women's Gaol ni jengo zuri kwa macho, na uzuri huo unasumbua. Ukumbi wa kati una paa refu lenye mwanga, na seli zimepangwa kuuzunguka ili waangalizi waone kila upande. Winnie Madikizela-Mandela alifungwa hapa mwaka 1958, akiwa mjamzito, pamoja na mamia ya wanawake walioandamana kupinga vipande, Albertina Sisulu akiwa mmoja wao. Mwaka 1976 Winnie alirudishwa humo, safari hii pamoja na Fatima Meer. Pembeni ya wanasiasa hao walikuwemo wanawake waliokamatwa kwa kupika pombe nyumbani, au kwa kuwafuata waume zao mjini bila kibali. Maonyesho yanawapa nafasi hao wote. Ukisafiri na mabinti zako au na mama yako, hii pekee inatosha kukufanya uchague Johannesburg.

Mandela yuko wapi zaidi?

Ni kisiwani, bila ubishi. Kilimani alipita kama mahabusu tu: mwaka 1956, na tena 1962 alipowekwa katika sehemu ya hospitali ya Old Fort akisubiri kesi. Lakini ile ya 1962 inatuhusu sisi zaidi ya tunavyodhani. Moja ya makosa aliyohukumiwa mwaka huo ni kutoka nje ya nchi bila hati ya kusafiria, na safari hiyo ilipitia Mbeya na Dar es Salaam, ambako alionana na Julius Nyerere wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika. Kilima ni mahali alipolipia safari ya kuja kwetu.

Kilichokuja baada ya gereza

Kisiwa kimeachwa kama kilivyokuwa, na unaondoka nacho hivyohivyo. Kilimani, jengo la mahabusu la mwaka 1928 lilibomolewa, ngazi zake nne zikaachwa zimesimama, na matofali yake yakatumika kujenga Mahakama ya Katiba iliyofunguliwa 2004. Mahakama hiyo ndiyo iliyofuta adhabu ya kifo mwaka 1995, na rais wake wa kwanza, Arthur Chaskalson, alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea Mandela katika kesi ya Rivonia, ile iliyomtia kifungo cha maisha. Milango yake mikubwa ya mbao imechongwa haki 27 za Katiba. Ndani, nyuma ya majaji, kuna dirisha refu jembamba lililo usawa wa njia ya nje, ukaweza kuona miguu ya wapita njia wakati kesi ikiendelea. Kuingia na kusikiliza kesi ni ruhusa kwa yeyote, bila malipo.

Sehemu hii husahauliwa na wageni wenye haraka. Kama umechoka na makumbusho yanayoishia kwenye mateso, hapa utaona walichofanya watu na matofali ya mateso yao.

Muda, fedha na bahari

Kisiwa ni ghali mara kadhaa kuliko kilima, na mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji. Tiketi za msimu wa sikukuu na kiangazi cha Desemba na Januari huisha mapema, basi zikate kabla ya kusafiri. Upepo ukichafuka, boti hazitoki, na hilo hutokea zaidi majira ya baridi kati ya Juni na Agosti. Mwenye siku moja tu Cape Town anacheza bahati nasibu. Anayechafukwa tumbo baharini ajiandae, kwa sababu Atlantiki ya huko haina upole wa maji ya Zanzibar. Mtu asiyeweza kutembea sana ataona kisiwa ni rahisi zaidi, kwani sehemu kubwa ni ya basi.

Kilima hakina masharti hayo. Unaweza kufika asubuhi ya siku unayoondoka na bado ukawahi ndege ya jioni. Chukua teksi hadi getini. Mitaa ya jirani si ya kuzurura ukiwa mgeni mwenye begi.

Kwa watoto wadogo ningechagua kisiwa. Boti, basi na pengwini wa ufukweni vitawashika, na simulizi za gerezani hutolewa kwa staha. Number Four ina mambo ambayo mzazi atalazimika kuyaeleza, na si kila mtoto wa miaka minane yuko tayari kuyasikia.

Basi uende lipi?

Kama uko tayari Cape Town, au unaweza kupanga safari yako popote, nenda kisiwani mwaka huu au ujao, kwa ajili ya wale wazee. Usiende kwa ajili ya seli ya Mandela pekee, maana utaiona kwa sekunde chache. Nenda ukiwa na swali la kumuuliza mwenyeji wako, kuhusu yeye na si kuhusu Mandela.

Kama uko Johannesburg na huna siku za ziada, usijione umekosa kitu. Usikate tiketi ya ndege ya mwendo wa saa mbili kwa ajili ya ziara ya nusu siku. Kilima kitakufundisha zaidi jinsi ubaguzi ulivyoendeshwa, na kwa mwanafunzi wa sheria, mwalimu wa historia au yeyote anayejali habari za magereza ya leo, ningekichagua hata angekuwa na uhuru wa kuchagua.

Ukiweza yote mawili, anza na kilima. Ndivyo walivyopita baadhi yao: mahabusu Johannesburg kwanza, kisha hukumu, kisha bahari. Kata tiketi ya boti kwanza, iwe siku ya mapema katika kukaa kwako Cape Town, halafu panga mengine kuizunguka, ili upepo ukikurudisha gatini uwe bado na siku ya kujaribu tena.